Pesa ya Pango na Pesa ya Jasho



Nimeombwa nizungumze juu ya viza za ukaazi, na najua wengi mmekuja na swali moja: ni kiasi gani? Viwango nitavitaja. Lakini afisa wa ubalozi anayefungua faili lako haanzi na kiasi. Anaanza kwa kuuliza pesa hiyo inatoka wapi, na kama itaendelea kuja siku utakapougua, utakapogombana na bosi, au utakapoamua tu kulala hadi adhuhuri. Ikiendelea, wewe umo katika kundi la wastaafu na wenye nyumba za kupangisha. Ikikatika, wewe ni mfanyakazi, hata kama ofisi yako ni meza ya jikoni. Kila kundi lina viza yake, na nitakalolitetea leo ni kwamba viza ichaguliwe kwa kutazama mwaka wa tatu wa maisha yako kule, si siku ya kupeleka fomu.

Mfano wangu mkuu ni Ureno, na nitaulinganisha na Uhispania. Wagoa wa Mombasa na Zanzibar waliomo humu ukumbini wanisamehe: aliyezaliwa Goa kabla India haijaitwaa mwezi Desemba 1961, na watoto wake, wana haki ya kudai uraia wa Ureno wenyewe. Hao hawahitaji mhadhara wangu. Wanahitaji vyeti vya kuzaliwa vya wazee wao.

Sisi wengine tuanze na historia kidogo. UVIKO-19 ulipofunga ofisi mwaka 2020, nchi kadhaa zilikimbilia kuwaita watu wanaofanya kazi kwa mbali. Barbados ilitangulia mwezi Julai, ikataka mapato ya dola 50,000 kwa mwaka. Estonia ilifuata Agosti, Dubai Oktoba. Ureno haikuwa na haraka hiyo, maana katika Sheria yake ya Wageni ya mwaka 2007 ilikuwa na viza iliyozoeleka kwa jina la D7, iliyowekwa kwa ajili ya wastaafu, watu wa dini, na wanaoishi kwa mapato yao wenyewe. Wakati ule haikuwapo viza nyingine iliyomfaa mtu mwenye mshahara wa kampuni ya nje, kwa hiyo balozi nyingi zikawa zinawapokea watu hao kwa D7, mradi pesa ilionekana benki kila mwezi. Ndipo likazaliwa jambo ambalo mpaka leo mtasimuliwa na marafiki zenu walioko Lisbon: kwamba D7 ni ya kila mtu. Ilikuwa hivyo, kwa muda.

Agosti 2022 Ureno ilirekebisha sheria ile, na kuanzia tarehe 30 Oktoba mwaka huo ikaanza kutoa viza mahususi ya wafanyakazi wa mbali, inayoitwa D8. Tangu hapo anayeleta mkataba wa ajira kwenye dirisha la D7 huambiwa amekosea njia. Viwango vyenyewe hufuata kima cha chini cha mshahara wa Ureno. D7 hutaka mapato ya angalau kima hicho kimoja kwa mwombaji, nusu yake kwa mwenzi, na asilimia 30 kwa kila mtoto. D8 hutaka mara nne ya kima hicho, kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Mwaka 2022 kima kilikuwa yuro 705. Mwaka 2025 kikafika 870, na mwaka 2026 ni 920. Kwa hiyo mwaka huu wa 2026 baba, mama na watoto wawili wanaweza kuomba D7 kwa yuro 1,932 kwa mwezi, ilhali kijana mmoja asiye na mke wala mtoto, anayeandika programu kwa ajili ya kampuni ya Marekani, anatakiwa aonyeshe yuro 3,680.

Tofauti hii ndiyo inayowapa watu majaribu. Mtu ana mshahara wa yuro 2,500 kutoka nje, na nyumba mbili Kimara au Kasarani zinazompa pango la yuro mia nane au mia tisa. Anajiambia: mshahara sitautaja, nitapeleka mikataba ya wapangaji. Mimi simshauri afanye hivyo, na si kwa sababu ya uchaji. Taarifa ya benki anayoiambatisha inaonyesha kila kinachoingia. Mshahara umo mle, mwezi baada ya mwezi, na afisa anausoma. Akiuona hana haja ya kukushtaki kwa lolote. Anaandika tu kwamba chanzo cha mapato hakilingani na aina ya viza, na ada yako ndiyo imekwenda.

Basi pesa ya pango, yaani ile inayokuja bila jasho, ni ipi hasa? Pensheni ya kila mwezi haina ubishi. Kiinua mgongo ni jambo jingine: ni fungu moja, limeshaingia, haliji tena. Ukiwa na kiinua mgongo kikubwa benki utaonekana mtu wa akiba, na akiba inasaidia sana, lakini D7 inataka kuona mkondo. Ndiyo maana mstaafu anayejipanga mapema hukigeuza kiinua mgongo kuwa kitu kinacholipa kwa ratiba, kama hatifungani za serikali ambazo riba yake huja mara mbili kwa mwaka, au nyumba yenye mpangaji wa mkataba mrefu. Gawio la hisa nalo linakubalika. Mirabaha ya kitabu au wimbo inakubalika pia, ingawa ningependa kumfahamu mwandishi wa Kiswahili anayeishi kwa mirabaha peke yake.

Ugumu unaanza kwa wale walio katikati. Dada ana chaneli ya video za mapishi, na matangazo yanamlipa hata mwezi asiporekodi. Kaka ana kampuni yake ndogo ya kompyuta Nairobi, na badala ya kujilipa mshahara anajilipa gawio. Mzee ana duka la vifaa vya ujenzi Tanga linaloendeshwa na mdogo wake. Kwa wote watatu mimi huuliza: ukitoweka kwa mwaka mzima, pesa itakuja? Duka la Tanga huenda likaendelea. Kampuni ya kaka itakufa ndani ya miezi miwili, kwa kuwa yeye ndiye mhandisi, muuzaji na mtu wa kupokea simu. Hilo gawio ni mshahara kwa jina jingine, na afisa anayezisoma hesabu za kampuni atalibaini. Kaka huyu apeleke mikataba ya wateja wake na aombe D8 bila kuona haya. Dada wa mapishi ningemwambia vivyo hivyo.

Halafu kuna suala la ushahidi, ambalo kwa watu wa kwetu ndilo linaloangusha maombi mengi kuliko kiasi chenyewe. Wapangaji wetu hulipa kwa M-Pesa, au taslimu mkononi mwa msimamizi, mara nyingine miezi sita kwa mpigo, na mkataba ni karatasi iliyotiwa saini mbele ya balozi wa nyumba kumi. Kwa afisa wa Ulaya hayo yote ni maelezo tu. Anachotaka ni mkataba ulioandikwa, hati ya umiliki yenye jina lako, pesa inayoingia benki kwa tarehe zinazofanana, na alama kwamba umeitolea kodi. Hili la mwisho linadharauliwa mno. Kenya ilipunguza kodi ya mapato ya pango la makazi kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, na stakabadhi za malipo hayo kutoka KRA ni shahidi mzuri kuliko barua ya wakili yeyote. Aliyeikwepa kodi hiyo miaka yote, siku ya viza hana cha kuonyesha. Mwenye kutaka kuondoka mwakani aanze leo kuwahamishia wapangaji kwenye akaunti ya benki.

Kumbukeni pia kwamba kiwango kimewekwa kwa yuro na pango lenu liko kwa shilingi. Shilingi ya Kenya ilifika takriban 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2024, kisha ikarudi karibu na 130 mwaka huohuo. Aliyekuwa anakidhi kwa kubanabana, kwa miezi michache hakukidhi, na hakuna mpangaji aliyehama. Kima cha Ureno chenyewe kinapanda kila Januari. Mwenye D7 anatakiwa awe na nafasi ya kupumua, theluthi moja juu ya kiwango kwa uchache. Huo ni ushauri wangu, si sheria.

Tuvuke mpaka twende Uhispania, maana pale mambo yamepangwa kinyume. Viza yao ya wasiofanya kazi hupimwa kwa kipimo kiitwacho IPREM, ambacho tangu mwaka 2023 ni yuro 600 kwa mwezi. Mwombaji anatakiwa awe na mara nne, yaani yuro 2,400, na IPREM moja zaidi kwa kila anayefuatana naye. Viza ya wafanyakazi wa mbali ililetwa na sheria ya kampuni changa ya Desemba 2022, nayo hutaka mara mbili ya kima cha chini cha mshahara. Kwa mwaka 2025 ilikuwa zaidi kidogo ya yuro 2,700. Linganisheni na Ureno. Kule mfanyakazi wa mbali anadaiwa mara nne ya mstaafu. Hapa wanakaribiana, kwa hiyo hakuna sababu ya kifedha ya mfanyakazi kujifanya mstaafu.

Lakini sharti la kazi ndilo zito. Viza ya Uhispania ya wasiofanya kazi inamaanisha inachosema: hakuna kazi, ya ndani wala ya mbali. Ureno ni tofauti. Ukishaingia kwa D7 na kupewa kibali cha ukaazi, sheria inakupa haki ya kuajiriwa au kujiajiri pale nchini. Mstaafu wa D7 akichoka kukaa anaweza kufundisha Kiingereza au kufungua mgahawa wa pilau. Mwenzake wa Uhispania akifanya hivyo amevunja sharti la kibali chake. Majina ya viza hizi mbili yanafanana kiasi kwamba watu huzizungumzia kama pacha, na ndiyo maana nimetumia muda hapa.

Viza ya Uhispania ya kazi ya mbali nayo ina tundu ambalo Mkenya au Mtanzania hulikuta akiwa ameshalipia tafsiri za nyaraka. Anayetaka apewe kama mwajiriwa wa kampuni ya nje lazima suala la hifadhi ya jamii liwe limetatuliwa: ama nchi yake iwe na mkataba na Uhispania unaoruhusu aendelee kuchangia nyumbani, ama mwajiri wake ajisajili kuchangia kule. Nchi zetu hazina mkataba huo, na kampuni ya Nairobi au Dar es Salaam haitajisajili Madrid kwa ajili ya mtu mmoja. Anayejitegemea, mwenye wateja badala ya bosi, ana nafuu: anajisajili mwenyewe Uhispania kama mtu aliyejiajiri na kulipa michango yake. Anaruhusiwa hata kuwa na wateja wa Kihispania, mradi wasizidi asilimia 20 ya shughuli zake. Shahada ya chuo au uzoefu wa miaka mitatu pia vinadaiwa, na kampuni unayoitumikia iwe na umri usiopungua mwaka mmoja.

Sasa kodi. Hapa huwa naona watu wanaanza kutazama simu, na ndipo penye pesa nyingi zaidi. Ukikaa Ureno zaidi ya siku 183 unakuwa mkaazi wa kodi, na mapato yako ya dunia nzima yanahesabiwa pale, kwa viwango vinavyopanda hadi asilimia 48. Ule unafuu mashuhuri uliowavuta wastaafu wa Ulaya tangu mwaka 2009, ambao kuanzia 2020 uliwatoza asilimia 10 tu ya pensheni za nje, umefungwa kwa wageni wapya. Uliofuata umelengwa kwa watafiti na wataalamu, na pensheni haimo. Kwa hiyo kitabu chochote cha mwaka 2019 kinachowaita wastaafu Ureno kwa sababu ya kodi, kitupeni. Mwenye D8 aliyejiajiri kwa kutoa huduma ana nafuu ya kiasi, kwa kuwa chini ya utaratibu rahisi kodi hupigwa juu ya asilimia 75 ya mapato yake. Uhispania inao utaratibu uliopewa jina la mchezaji David Beckham, unaomtoza mwajiriwa mgeni asilimia 24 kwa mapato ya kazi hadi yuro 600,000. Mwenye viza ya kazi ya mbali anaweza kuuomba. Mwenye viza ya wasiofanya kazi haumhusu.

Na nyumbani je? Wengi hudhani ukipanda ndege umeagana na KRA au TRA. Sheria za kodi za Kenya na Tanzania zote zinasema kwamba mwenye makao ya kudumu nchini, akionekana nchini kwa kipindi chochote ndani ya mwaka, ni mkaazi wa mwaka huo. Someni tena: kipindi chochote. Umeacha nyumba yako Nyali imefungwa kwa ajili yako, umerudi wiki mbili za Krismasi, umekuwa mkaazi wa Kenya na wa Ureno kwa pamoja. Mshahara unaolipwa na kampuni ya Marekani basi unadaiwa na nchi mbili. Dawa ya kawaida ni mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, lakini Tanzania, kwa mfano, ina mikataba hiyo na nchi chache, zikiwemo Italia, India, Kanada, Norwe, Swideni, Afrika Kusini na Zambia, na si Ureno wala Uhispania. Pango la nyumba ya Kimara litaendelea kutozwa kodi Tanzania popote utakapokuwa, kwa kuwa nyumba haina miguu. Mtu wa pesa ya pango anaweza kuipiga hesabu hiyo mapema. Mtu wa mshahara amwone mhasibu kabla ya kumwona wakala wa viza.

Nije kwenye mwaka wa tatu nilioutaja mwanzoni. Viza ya ukaazi ya Ureno ni ya miezi minne, ya kukuingiza nchini. Kibali chenyewe hutolewa kule kwa miaka miwili, kisha huongezwa mitatu. Idara ya zamani ya wageni ilivunjwa Oktoba 2023, na shirika jipya la AIMA lilirithi mafaili laki kadhaa yaliyolala, hivyo kusubiri ni sehemu ya safari. Ndani ya muda wa kibali hutakiwi kuwa nje ya Ureno miezi sita mfululizo, wala miezi minane kwa jumla, bila sababu inayokubalika. Sharti hili huwabana zaidi wale ambao viza yao ilionekana rahisi: mwenye nyumba za kupangisha, ambaye mapato yake yako Mombasa, na paa likivuja Mombasa anataka kuja kulitazama. Mfanyakazi wa mbali hana paa la kumrudisha. Yeye hofu yake ni barua ya kuachishwa kazi mwezi mmoja kabla ya kuongeza kibali.

Kuhusu uraia nitapita haraka. Hadi mwaka 2025 Ureno ilitaka miaka mitano ya ukaazi. Oktoba mwaka huo Bunge lilipiga kura kuirefusha hadi kumi kwa wageni walio wengi, na saba kwa watu wa nchi zinazozungumza Kireno, ndugu zetu wa Msumbiji wakiwemo. Sehemu za sheria hiyo zikakwama Mahakama ya Katiba. Asiwepo mtu wa kuuza nyumba ya urithi kwa kutegemea hesabu ya miaka mitano. Mkenya tangu Katiba ya 2010 anaruhusiwa uraia pacha. Mtanzania akichukua pasipoti ya Ureno anaiacha ya kwao, na hilo ni la kuzungumza na familia kabla ya kuzungumza na wakili.

Mtu ataniuliza kama sisi wenyewe tunao utaratibu huu. Kenya ina kibali cha Daraja K, kwa mgeni wa miaka 35 au zaidi mwenye mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, naye huahidi kutofanya kazi ya malipo. Kwa sharti hilo la kutofanya kazi, kinaelekea Uhispania zaidi kuliko Ureno. Oktoba 2024 Rais Ruto akatangaza Daraja N kwa wanaofanya kazi kwa mbali. Mstari uleule, wa pango na jasho. Wenye nyumba za Diani na Watamu wamefurahi, na wapangaji wa Lisbon, walioandamana mwaka 2023 kwa sababu ya bei za nyumba, wangekuwa na la kuwaambia wapangaji wa Diani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimalizie na swali nililoletewa kwa karatasi: mume amestaafu na ana pensheni na pango, mke bado anafanya kazi ya mbali, nani aombe? Katika Ureno ningemtanguliza mume kwa D7, mke afuate kama mwanafamilia. Kiwango chao kitakuwa kima kimoja na nusu, na kibali cha mke kitamruhusu afanye kazi. Mapato ya mke yatajwe wazi katika faili, ila yasiwe ndiyo nguzo ya maombi. Katika Uhispania ningefanya kinyume. Mume akitangulia na viza ya wasiofanya kazi, mke anayemfuata naye hataruhusiwa kufanya kazi, na wamejinyima mshahara wake. Mke akitangulia na viza ya kazi ya mbali, mume anaingia kama mwanafamilia akiwa na ruhusa ya kufanya kazi, aitumie asiitumie, na pensheni yake inabaki kuwa ziada. Sharti ni kwamba mke awe amejiajiri. Akiwa mwajiriwa wa kampuni ya Nairobi, warudi Ureno.